Maswali ya Wasomaji: Kamba Ukishaivuta Hakuna Kurudi

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya kukwea miamba jangwani nikadhani imepita, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa. Nimechagua sita, zingine nimezikata maana kuna mtu kaandika kurasa nne na swali lenyewe liko mstari wa mwisho (unajijua).

SWALI: Shikamoo dada. Tuko marafiki wanne tunaenda Utah kule Marekani mwezi wa kumi, kwenye yale majangwa ya miamba myekundu. Mmoja anataka kukwea, mwingine anataka kushuka makorongo kwa kamba, wa tatu kaona video ya ile njia ya vyuma iliyopigiliwa ukutani basi halali. Mimi nimewahi kupanda ukuta wa mazoezi wa ndani mara nne tu, wao hata hiyo hawana. Wanasema tuanze na makorongo kwa sababu ndo rahisi, unashuka tu, hupandi. Ni kweli?
Mgeni wa Miamba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wamenichekesha halafu wamenitisha. Ni kweli kushuka kwa kamba hakuhitaji nguvu nyingi, unakaa kwenye hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, kama mtu aliyekaa kwenye kiti, unaachia kamba kidogo kidogo, mtoto wa miaka kumi anaweza. Ila ugumu wa korongo hauko kwenye kushuka, uko kwenye kuvuta kamba.

Ngoja nieleze. Mnafika kwenye ukingo, tuseme wa mita ishirini, mnapitisha kamba kwenye pete iliyofungwa pale juu, mnashuka wote mmoja mmoja. Mkishafika chini mnaivuta ile kamba, inaanguka puu, kwa sababu mnaihitaji kwenye mporomoko unaofuata. Sasa geuka nyuma uangalie. Ukuta wa mita ishirini, laini kama sufuria, hauna pa kushika, na kamba yako iko miguuni. Kuanzia dakika hiyo hamna kurudi, njia ya kutokea ni moja tu, ya mbele, na mbele kuna miporomoko mingine na madimbwi na sehemu mnapita kiubavu, awe mtu kachoka, awe kateguka mguu, awe anamlilia mama yake, ni mbele tu. Kuna madimbwi mengine ni mashimo kwenye jiwe yenye kuta zinazoteleza, maji yakipungua ndani unaingia vizuri tu ila kutoka unabebwa mabegani na wenzako au unabaki humo.

Kukwea sasa, kwa mtu anayeanza, ni tofauti kabisa. Kamba imeshapitishwa juu kwenye bolti, yaani vyuma vilivyokazwa kwenye mwamba, upande mmoja umefungwa kwako, mwingine anaushikilia mtu aliye chini. Ukiogopa unapiga kelele "nishushe!" na ndani ya dakika moja uko chini unakunywa maji. Yaani kile kinachoonekana cha hatari ndo kina mlango wa kutokea kila hatua, na kile kinachoonekana cha kitoto mlango unafungwa nyuma yako. Kwa hiyo mie jibu langu ni anzeni na kukwea, siku nzima, na mwongozaji wa kulipwa siyo rafiki wa rafiki. Mchana wake mwombeni awafundishe kushuka wenyewe kwa kamba pale pale kwenye mwamba mdogo, mrudie rudie mpaka mikono ijue. Siku ya pili ndo muingie korongo, napo na mwongozaji.

Lile korongo mlichague kwa alama. Kule wanaandika kitu kama 3A III. Namba ya kwanza inaanzia 1 hadi 4, 1 ni kutembea tu, 3 maana yake kamba ni lazima. Herufi ni maji, A ni kavu au maji ya kulowesha miguu, B ni maji yaliyotuama na pengine mtaogelea, C ni maji yanayokimbia, hiyo msiiguse. Namba za Kirumi ni muda, III ni sehemu kubwa ya siku. Nyie tafuteni 3A yenye namba ya Kirumi ndogo. Na kwenye hifadhi ya Zion makorongo ya kamba yote yanataka kibali, msije mkafika mlangoni mkaanza kubembeleza.

Halafu kuna mambo ya lile jiwe lenyewe. Ule ukuta wako wa ndani una vishikio vya rangi, unafuata vya kijani mpaka juu, mwamba wa ukweli haukuonyeshi kitu, utasimama pale chini dakika tano huoni hata pa kuanzia. Mawe ya Utah mengi ni ya mchanga, mchanga ulioshikamana, yanakwaruza kama msasa na hilo ni zuri, kiatu kinashika hata pasipo na kidato, ndo maana wanaosema huku wanakwea kwa miguu hawakosei, mikono ni ya kujiweka sawa tu. Wageni wote wananing'inia kwa mikono. Nusu saa vidole vimekufa.

Ila jiwe la mchanga likilowa linalegea, kile kinachoshikamanisha punje kinalainika, na kishikio kilichobeba maelfu ya watu kinakatika mkononi mwako kama biskuti iliyochovywa chai. Na usidanganywe na ngozi ya juu kuonekana kavu, ndani bado. Wenyeji wa Red Rock karibu na Las Vegas wanaomba watu wasubiri kati ya saa 24 na 72 baada ya mvua, na kipimo chao cha haraka ni kuchimbachimba udongo chini ya mwamba, ukikuta unyevu kidogo tu chini ya vumbi, hakuna kukwea, nendeni mkatembee. Graniti haina tatizo hilo, yenyewe ikilowa inateleza tu, ikikauka imekauka. Kwa hiyo ratiba yenu iwe na siku ya akiba, msiibane kama ratiba ya ndege.

Kuhusu yule wa njia ya vyuma. Hizo zilianza kuenea kwenye milima ya Dolomites, Italia, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi walipigilia ngazi na waya ili wapitishe watu na mizigo. Siku hizi ni za starehe. Unavaa kamba fupi mbili zenye karabina, zile pete za chuma zenye kilango, unazikwatisha kwenye waya mnene, ukifika penye chuma kinachoushika waya unahamisha moja, halafu ya pili. MOJA halafu ya pili, kamwe siyo zote kwa pamoja, huo ndo mtihani wote. Ni mchezo mzuri kwa asiyejua kamba, lakini jangwani ule waya saa nane mchana unachoma, vaeni glavu, na wingu jeusi likitokea msiwe mmejifunga kwenye chuma kirefu mlimani, nadhani sababu sina haja ya kuisema.

Mwezi wa kumi mmechagua vizuri. Kiangazi kule joto linapita nyuzi 38 na mwamba unakuwa kikaango. Ila siku ni fupi na usiku baridi kweli, bebeni taa za kichwani hata kama mnaenda kwa saa tatu. Hasa kama mnaenda kwa saa tatu.

SWALI: Mimi nina malalamiko siyo swali. Tulilipia kuingia korongo jembamba, tumefika asubuhi jua linawaka, anga bluu hakuna hata wingu, mwongozaji anaangalia simu yake anasema leo haiwezekani kuna mvua. Mvua gani jangwani? Pesa walirudisha nusu. Naona ni ujanja wa kazi tu.
Niliyenyimwa Korongo

JIBU: Kaka, kuhusu ile nusu ya pesa niko upande wako, wapigie simu. Kuhusu mvua niko upande wa mwongozaji, tena ukikutana naye tena msalimie.

Jangwa ni mwamba mtupu na udongo uliokauka ukawa kama sakafu. Mvua ikinyesha hainyonywi, inateleza yote, inatafuta kibonde, kibonde kinaingia kwenye kijito, kijito kinaingia kwenye ule ufa uliolipia. Kwa hiyo wewe mvua ya juu ya kichwa chako siyo inayokuhusu sana, inayokuhusu ni iliyonyesha kilomita nyingi huko juu maji yanakotokea, ambako hukuoni kwa sababu uko chini ya kuta mbili na anga unaliona kama utepe.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa kwenye korongo la Antelope la chini, Arizona. Dhoruba ilikuwa mbali na pale walipokuwa. Maji yakaja yakiwa yamebeba matope na magogo, yakang'oa na ngazi zenyewe, akaokoka mwongozaji wao tu. Leo pale kuna ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba na watu wakiona dalili wanafunga. Halafu tarehe 14 Septemba 2015, kule Zion, watu saba waliingia korongo la Keyhole ambalo ni dogo, la saa chache, siyo la kutisha hata kidogo. Walikuwa na kibali, na walishaambiwa kuna uwezekano wa mafuriko. Hakutoka hata mmoja. Hapo ndo narudia lile la kamba nililomwambia Mgeni hapo juu, ukishaivuta hata ukisikia ngurumo huna la kufanya, na kwenye korongo jembamba maji ambayo uwandani yangekufika magotini yanapanda mita kadhaa kwa sababu hayana pa kutanukia.

Dalili wanazofundishana ni maji masafi kubadilika ghafla yakawa ya tope, vijiti na majani kuanza kuelea, upepo wa baridi kutoka juu ya korongo, na mngurumo kama treni. Ila sikiliza, hizo ni dalili za kukimbilia juu, siyo za kufanyia uamuzi. Uamuzi ulifanyika asubuhi kwenye simu ya yule kijana.

SWALI: Samahani kwa swali la aibu. Nina kilo 112, hivi hivyo vifaa vitanibeba? Mke wangu ana 58 na yeye ndo atashika kamba.
Mzito Lakini Nataka

JIBU: Wala siyo la aibu, ni swali zuri kuliko yote niliyopata mwezi huu. Karabina ya kawaida ukiisoma ubavuni imeandikwa kN 20 na kitu (kilonyutoni, kipimo cha nguvu), hiyo ni kama kubeba zaidi ya tani mbili, kamba na hanesi nazo hazikujui kama wewe ni mzito, kwa hiyo kwenye kukwea chuma siyo tatizo lako.

Tatizo ni mama hapo chini. Ukidondoka wewe, yeye anapaa. Siyo mzaha, kilo 54 za tofauti zinamnyanyua mtu mpaka anagonga ukuta, na akishtuka akaachia mkono unaoshika kamba ndo basi tena. Mwambieni mwongozaji ukweli wa namba zenu, amfunge mkeo kwenye kitu chini au aongeze kifaa cha kukwamisha kamba, au ashike yeye. Jangwani angalia pia unamfunga kwenye nini, jiwe lisilochezacheza siyo kichaka kikavu.

Pa kuwa makini kweli ni kwenye njia za vyuma. Zile kamba fupi mbili zina kifuko chenye utepe uliokunjwa ambao unachanika taratibu ukidondoka ili usikatike kiuno, na kwa kiwango cha Ulaya cha 2017 zinapimwa kwa mtu wa kilo 40 mpaka 120. Hiyo 120 ni wewe PAMOJA na viatu, kofia, begi na maji. Una 112, beba lita nne tu za maji uko 116, ongeza begi lenyewe na vyakula umeshagonga dari. Kwa hiyo siku hiyo begi abebe mwingine, na mtoto wa chini ya kilo 40 naye mwongozaji amfunge kwa kamba ya ziada, siyo kumwachia zile mbili peke yake, maana kwake utepe hautachanika vya kutosha.

SWALI: Naogopa urefu. Nikipanda ghorofa ya tatu nakaa mbali na dirisha. Nibaki kambini?
Miguu Inatetemeka

JIBU: Usibaki. Kuna mchezo wa kukwea mawe mafupi bila kamba, mita mbili tatu nne, chini umetandika godoro nene na wenzako wamenyoosha mikono kukuelekeza uanguke juu ya godoro. Joshua Tree kule California kuna mawe ya namna hiyo mpaka unachoka, yametapakaa jangwani kama mtu kamwaga gunia la viazi. Panda mpaka pale miguu inapoanza kutetemeka, shuka. Kesho panda hapo hapo. Kabla ya kutia mkono kwenye ufa chungulia kwanza, nge na nyoka nao wanapenda kivuli.

SWALI: Dada, safari iliyopita kaka yangu alizidiwa tukiwa kwenye miamba. Ajabu ni kwamba yeye ndo alikuwa anakunywa maji kuliko sote, alikunywa mpaka tukamcheka. Akaanza kuumwa kichwa, kutapika, halafu anaongea vitu havieleweki. Hospitali wakasema maji yamezidi. Inawezekanaje maji kuzidi jangwani?
Dada Mtu

JIBU: Inawezekana na inatokea, na pole sana. Mtu akitoka jasho anapoteza maji na chumvi, yeye akarudisha maji matupu, tena mengi, basi chumvi iliyobaki kwenye damu inazimuliwa mpaka mwili unachanganyikiwa. Ubaya wake dalili zinafanana na za mtu aliyekaukiwa, kichwa, kichefuchefu, udhaifu, kwa hiyo wenzake wanamwona wanasema mpe maji, wanamwongezea ugonjwa. Mliwahi hospitali, hapo mlimsaidia kweli. Mtu akianza kuongea ovyo jangwani, iwe ni joto iwe ni maji, hiyo siyo ya kusubiri apoe.

Hifadhi nyingi za majangwa ya Marekani wanasema beba karibu lita nne kwa mtu kwa siku. Beba hizo, ndiyo, lakini kunywa kwa kiu, kidogo kidogo, na kila unapopumzika kula kitu cha chumvi, karanga, hata ile pakiti ya chumvi na sukari wanayopewa wanaoharisha ni nzuri sana, koroga kwenye chupa moja kati ya zako. Wakwea miamba wana tabia mbaya, mchana kutwa wanakula vitu vitamu tu.

Na kwa kuwa umetaja miamba, niongeze la upande wa pili ambalo watu hawaliamini mpaka liwapate. Ndani ya makorongo membamba jua halifiki, maji ya dimbwini yanakaa humo miezi, na watu wanatetemeka kwa baridi mpaka meno yanagongana wakati juu kwenye ukingo ni nyuzi 35. Nimewahi kumcheka mwenzangu aliyebeba nguo nene ya kuogelea jangwani. Saa mbili baadaye nilikuwa naiomba.

SWALI: Mume wangu kang'ang'ania tukifika Wadi Rum, lile bonde la jangwa kule Jordan, tupande mlima wa Jebel Rum wenyewe bila mwongozaji, anasema Wabedui walikuwa wanapanda bila kamba, tena wamevaa kandambili, sisi tutashindwaje na viatu vya kisasa. Nimwambieje?
Mke wa Jasiri

JIBU: Mwambie historia yake ni sahihi ila hesabu yake imekosewa. Kweli Wabedui walikuwa wanapanda kuta zile wakiwinda mbuzi wa milimani, siku nyingi kabla ya wakwea miamba wa kigeni, wale wa kigeni walianza kuziandika hizo njia mwaka 1984, Mwingereza Tony Howard na wenzake, na nyingi walionyeshwa na wenyeji. Lakini yule mwindaji alizaliwa pale. Jebel Rum una zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na ugumu wake siyo kukwea, ni kuijua njia. Juu kule ni vichuguu vya mawe na mifereji inayofanana yote, unapanda mmoja, unazunguka, unashuka, unapanda mwingine, bolti ni za kuhesabu, na njia uliyopandia ukiigeukia inakuwa sura nyingine. Watu wazima wenye vifaa vyote wanalala huko juu bila kupenda kwa sababu giza limewakuta wanatafuta pa kushukia.

Kama hataki kuongozwa kabisa, kuna matembezi ya kupandia mikono na miguu mpaka kwenye daraja la mwamba la Burdah, ila hata hilo lina sehemu karibu na juu ambapo mtu asiyezoea anataka kamba na mtu wa kumshikia. Mchukueni Mbedui. Atawaonyesha na michoro, maana bonde lile lina michoro ya mawe 25,000 na maandishi ya kale 20,000, ndo moja ya sababu UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na bila mwenyeji utaegemea mchoro wa miaka elfu ukidhani ni mikwaruzo. Unga wa chaki ambao wakwea miamba wanajipaka mikononi usifike karibu na michoro hiyo, wala mkono wenyewe.

Na zile kandambili azibebe tu, viatu vya kukwea vinabana vidole vibaya sana, jioni kambini atazishukuru.